Lugha ya Kutumana

Nyumba niliyopanga hapa Sumbawanga mjini imepakana na shule ya chekechea, zile za siku hizi ambako mtoto hufundishwa kwa Kiingereza kabla hajajua kufuta kamasi. Ukuta ni mmoja. Kila asubuhi, nikiwa nimekaa kibarazani na kikombe changu cha chai, namsikia mwalimu wao akiwaamuru: simameni, tokeni nje, pangeni mstari, rudini ndani, kaeni chini. Watoto hawajibu kwa mdomo, wanajibu kwa miguu. Jirani yangu huniambia nina bahati, nimestaafu ualimu wa Kiingereza na bado nakisikia bure. Nami hucheka naye, maana jirani ni jirani. Ila wewe rafiki yangu sikufichi: sauti ile hunikata hamu ya chai. Siku nyingine huinuka nikaingia ndani na kufunga dirisha, na nje jua zuri linawaka.

Si kwamba nakichukia Kiingereza. Kimenivisha, kimenilisha, kimenijengea nyumba ya bati kijijini. Kinachonitoa kibarazani ni kumkumbuka mdogo wangu, ambaye hayupo tena, na namna nilivyomfundisha lugha hiyo tukiwa watoto, wakati Tanganyika ingali chini ya Mwingereza.

Tulikuwa wawili tu, wasichana, mimi nikimtangulia kidogo. Baba alikwenda kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, mama akamfuata, sisi tukaachwa kwa bibi upande wa Kaengesa. Kama hujafika Ufipa, usidhani Tanzania yote ni joto na minazi. Kwetu ni juu. Upepo unavuma kutwa, miti ni ya kutafuta, na nyasi zinakwenda hadi macho yanachoka. Mwezi wa saba asubuhi tulikuwa tunagombania jiwe la mafiga lililobaki na joto la usiku, tunakanyaga kwa zamu. Bibi alitulisha ugali wa ulezi, ule mweusi unaoshika tumboni, kwa maharage au majani ya maboga, na siku ya bahati samaki wakavu waliopandishwa kutoka Kipili, ziwani, ambao harufu yao ilifika nyumbani kabla ya aliyewabeba.

Mimi nilimaliza madarasa ya kijijini nikachaguliwa kwenda shule ya kati ya wasichana, bweni, kwa Masista. Mdogo wangu alisoma kwa katekista madarasa mawili, akajua kusoma katekisimu yake bila kukwama na kuhesabu hadi akachoka mwenyewe, kisha bibi akamzuia. Hakuwa na ubaya, bibi. Alikuwa na shamba na mgongo uliopinda, na wajukuu wawili. Mmoja akienda, mwingine lazima abaki. Aliyebaki ni mdogo, kwa sababu tu mimi nilizaliwa mwanzo. Basi.

Kule shuleni Kiingereza tulifundishwa na Sista mkuu mwenyewe. Naye, kusema kweli, hakuwa Mwingereza. Alitoka nchi nyingine ya Ulaya na alijifunza Kiingereza ukubwani, kwa jasho, kama sisi. Labda ndiyo maana alikuwa na njia yake. Alisema mtu akijifunza orodha ya maneno hajajifunza kitu. Kiingereza cha kweli, alisema, hakina neno linalotembea peke yake. Inuka wanaliambatanisha na juu, kaa na chini, chukua na juu tena. Halafu hilo lililokwisha kuwa na mkia linashikwa na lingine mbele, na lingine tena. Ndivyo watu wanavyozungumza wakiwa jikoni na barabarani, si kwenye vitabu. Kwa hiyo akatufundisha kwa minyororo. Mmoja anasimama mbele, anaamriwa, anatenda. Sisi masikioni mwetu tulisikia hivi: getapu, goauti, yaani inuka, toka nje. Akizoea, anaongezewa: goauti, pikapu, kambeki, putidauni, yaani toka nje, okota, rudi, weka chini. Kisha yakaja yale ya kutangulia, ambayo yaligeuza yote: kipoon, endelea kufanya; stopu, acha kufanya. Ukikosea hupigwi. Unarudia mbele ya wenzako huku wanacheka, na mimi ningechagua fimbo.

Mimi nilikuwa mzito. Nilikuwa nasikia mnyororo wote, nafanya la kwanza, nasahau yaliyobaki. Likizo ya Pasaka ilipofika niliondoka shuleni na aibu yangu, nikaapa nitarudi najua. Nikahitaji mtu wa kumwamuru.

Wakati ule wa mwaka kwetu ni wa ntumba. Nyasi zimekua, ardhi imelowa, watu wanaingia shambani na majembe wanakata udongo pamoja na nyasi zake na kuugeuza, nyasi zifunikwe chini, wanarundika hadi bonde zima linakuwa vichuguu mviringo. Nyasi zinaozea ndani. Juu yake unapanda maharage, na mvua za mwaka unaofuata unavunja ile ntumba, unaitandaza na kumwaga ulezi. Ni kazi ya kuvunja kiuno. Bibi alitupimia vipande, changu na cha mdogo wangu, akaenda kwenye chake.

Mimi nikakaa juu ya ntumba iliyokwisha, nikashika kijiti kama Sista. Nikamwambia mdogo wangu, leo tunacheza shule.

Alikipenda mchezo ule tangu siku ya kwanza. Nilimwambia kila neno mara moja kwa Kifipa, na halikuhitaji mara ya pili. Pikapu, anaokota jembe. Kipoon, anaendelea kulima. Stopu, anasimama jembe likiwa hewani, anacheka. Nilimtuma ukingoni mwa shamba akachukue kibuyu cha togwa, aje nacho, akiweke chini, arudi kulima, yote kwa pumzi moja, naye alikwenda mbio na kurudi bila kupoteza hata pingili moja ya mnyororo. Mimi niliyekaa ndiye niliyekuwa nakosea. Nilisahau nilichoagiza, na yeye ananikumbusha kwa kutenda.

"Dada, niongezee," alikuwa ananiambia. "Maneno manne ni machache."

Nikamwongezea. Vipande vyote viwili vya ntumba vililimwa likizo ile, changu na chake, na mimi nikarudi shuleni na viganja laini na Kiingereza safi. Sista alinisifu mbele ya darasa. Likizo zilizofuata zikawa hivyo hivyo: wakati wa kuvuna ulezi nilimtuma na kisu na kikapu, wakati wa kupura nilimtuma na mchi, wakati wa baridi nilimtuma kuni. Bibi alipotupita siku moja na mzigo wake kichwani, alisimama akasikiliza kidogo.

"Hiyo ni lugha ya kutumana tu?" akauliza. "Wazungu hawana neno la kuulizana habari?"

Tulicheka hadi tukakaa chini. Bibi naye akacheka, akaenda zake. Swali lake wala halikunisumbua.

Sasa, mdogo wangu hakuwa anacheza tu. Alikuwa na nia. Usiku kwenye mkeka aliniuliza habari za darasa: benchi likoje, chaki inaandikaje, mtu akijua jibu anafanyaje. Alitaka shule kwa namna ambayo mimi, niliyekuwa nayo, sikuwahi kuitaka. Na nafasi ilikuwepo. Mwisho wa kila mwaka Sista alizungukia vijiji na gari la misheni kuchagua wasichana wapya, na ilijulikana kwamba akimwona mtoto mwenye akili, hata kama hakumaliza madarasa ya kijijini, alikuwa tayari kumchukua na kumwanzisha chini. Bibi alikuwa amelegea. Alisema Sista mwenyewe akimtaka, yeye hatakataa, atatafuta mtoto wa ukoo wa kumsaidia shamba. Kwa hiyo yote yalibaki mikononi mwa Sista, na mdogo wangu akaniachia mimi kazi ya kumwandaa.

Ilinipasa nimwambie arudie katekisimu. Ilinipasa nimpe hesabu. Hivyo ndivyo Sista alivyokuwa anawapima watoto wa vijijini, kwa Kiswahili, na mimi nilijua, maana nilipimwa hivyo. Lakini sifa zilikuwa zimenipanda kichwani. Nilitaka Sista ashangae. Nikamnoa mdogo wangu kwa minyororo mirefu kupita hata ile ya darasani, na yeye akaimeza yote, akiamini kwamba mlango wa shule ndio huo.

Sista alikuja mchana, gari likasimama penye kiwanja cha katekista. Wasichana walipangwa mstari pamoja na bibi zao na mama zao. Mdogo wangu alikuwa amepaka mafuta miguu hadi magotini. Zamu yake ilipokaribia mimi, niliyesimama naye, nikatoka mstarini, nikapiga goti, nikasema, "Shikamoo Sista. Huyu mdogo wangu anajua Kiingereza."

Sista alifurahi. Akaiweka kando ile katekisimu aliyokuwa ameishika. Akamuuliza kwa Kiingereza jina lake nani. Mdogo wangu akamwangalia. Akamuuliza ana umri gani, anapenda nini. Mdogo wangu akageuza macho kunitafuta, na hapo ndipo nilipoona nilichokuwa nimefanya. Sikuwahi kumfundisha kujibu. Misimu yote ile, sikuwahi kumpa neno hata moja la kusema yeye.

Wanawake walianza kunong'ona. Mimi nikaingiwa na aibu, na aibu ni mshauri mbaya. Badala ya kumwambia Sista ampe katekisimu asome, nikasema, "Mwamuru kitu, Sista. Utaona."

Sista akamwamuru. Alianza na rahisi, inuka, kaa chini. Kisha akamwambia aende garini, afungue mlango, achukue kikapu, akilete, atoe vikombe, avifute, avirudishe, afunge. Mdogo wangu alikwenda kama maji ya mtelemko. Hakuacha kimoja. Sista akaongeza, acha kufuta uje hapa, endelea kufuta, geuza, ondoa, na yeye akawa anatenda na uso unang'aa, maana sasa alikuwa nyumbani. Watu walipiga makofi. Bibi akapiga vigelegele hadi akakohoa. Na mimi nilipiga makofi kuliko wote.

Sista alimshika kidevu. Akamwambia bibi kwa Kiswahili chake cha taratibu kwamba mtoto huyu ni hazina. Kule kwao jikoni walikuwa na wasaidizi, wazuri, lakini Masista wapya waliofika kutoka Ulaya hawajui Kiswahili, na kila siku ni ugomvi wa ishara na masufuria. Huyu anaelewa kila kitu. Atamchukua jikoni. Atakula vizuri, atavaa vizuri, na dada yake yupo pale pale.

Bibi alishukuru kwa mikono miwili. Kwake yeye misheni ilikuwa misheni, jikoni au darasani. Na mdogo wangu, nakuapia rafiki yangu, alidhani amepita. Shule ilipofunguliwa, njiani tukienda misheni, amejitwisha mkeka wake, aliniuliza, "Nikimaliza kupika ndiyo naingia darasani?" Nikamwambia ndiyo, subiri kwanza. Sikuwa na uhakika, lakini nilisema.

Tulipofika uani Sista akamwita mdogo wangu, mimi nikaenda bwenini, yeye akaenda kwenye moshi wa jiko.

Jiko lile lilikuwa na dirisha la kupokelea chakula. Mchana tulipanga mstari na sahani zetu za bati, na aliyekuwa anapakua mara nyingi ni yeye, kitambaa kichwani, mikono yenye majivu hadi kiwikoni. Mwanzoni ilikuwa furaha kumwona. Baadaye wenzangu wakagundua kwamba anatii Kiingereza, wakaanza kujizoeza kwake, kabla ya somo, dirishani pale pale. Mmoja anasema geuka, mwingine anasema inama, mwingine anaunga mnyororo mzima wa kumwondoa na kumrudisha. Alitii huku anacheka, kwa kuwa kwake ulikuwa mchezo wetu ule ule wa shambani, na labda alidhani ukichezwa vizuri ndipo mlango utafunguka. Siku moja wakasema, wewe ndiye dada, hebu mwamuru ule mrefu. Nikamwamuru. Alipomaliza, mkono ukiwa na mwiko, alinitazama mimi peke yangu, wala hakucheka.

Tangu hapo aliacha kuniuliza lini ataingia darasani. Aliendelea kunifichia ukoko wa sufuria kama alivyozoea tangu siku za kwanza, akiufunga kwenye jani la mgomba na kunipitishia nyuma ya jiko baada ya sala za jioni, maana njaa ya bweni aliijua. Niliupokea. Ulikuwa mtamu, na mimi nilikuwa na njaa, na sijapata kula kitu kilichonikaa vibaya hivyo rohoni huku kikinipendeza hivyo mdomoni.

Mwaka uliofuata msichana mmoja wa darasa la chini alichukuliwa na wazazi wake kwenda kuolewa, benchi likabaki wazi. Nililizunguka jambo hilo siku nyingi, kisha nikaenda ofisini kwa Sista. Nilimwambia mdogo wangu anajua kusoma, anajua hesabu, anaweza kukaa pale. Nilisema kwa sauti ndogo, nikitazama viatu vyake.

Hakunikemea. Alitabasamu, alikuwa mtu mpole sana. "Binti yangu," akasema, "darasani ninao wengi wanaojifunza kuelewa. Jikoni ninaye mmoja ambaye anaelewa tayari. Nikimtoa huyo, nitafanyaje?"

Nikasema ndiyo Sista. Nikapiga goti, nikatoka. Nilikuwa na Kiingereza cha kutosha wakati ule kusema mara ya pili, na ya tatu, lakini niliitikia tu kama nilivyofundishwa kuitikia. Darasani mchana ule tulisoma namna ya kusema mtu aliendelea kungoja, na nilipata alama zote.

Alikaa jikoni hadi akawa msichana mkubwa. Mimi nikaenda kusomea ualimu. Uhuru ukaja, Masista wa Ulaya wakaondoka mmoja mmoja, yeye akarudi kwetu akaolewa, akalima ntumba za mumewe. Watoto wake wote niliwasomesha mimi, na watu walinisifu kwa moyo wa kutoa. Niliwaacha wasifu, sikuwasahihisha.

Majuto ni mjukuu, walisema wahenga, na wangu alikua akaota meno. Mara moja tu nilijaribu kumwomba msamaha. Tulikuwa watu wazima, tunachambua maharage uani kwake. Nikasema, "Mdogo wangu, unisamehe."

"Kwa lipi?"

"Kwa jikoni."

Alipepeta kwanza, akatoa mawe. "Jikoni palikuwa na joto, dada," akasema. "Ninyi bwenini mlikuwa mnatetemeka." Akaendelea kuchambua. Ningejua la kufanya kama angenitukana.

Leo ukipita barabara ya kwetu utaona mashamba ya matuta yaliyonyooka, jembe la ng'ombe na mbolea ya duka. Vichuguu vile mviringo vimebaki huku na kule, kwa wazee wasiotaka kusikia. Bibi tulimzika zamani. Jiko la Masista lilivunjwa, pamejengwa stoo ya mahindi, na hakuna anayejua kwamba palikuwa na dirisha. Siku hizi mtoto wa kike akibaki nyumbani mwenyekiti wa kijiji anakuja kuuliza kwa nini. Nafurahi, kwa kweli. Lakini kila nikifurahi kuna mtu mmoja ninayemwona nje ya furaha hiyo.

Mara ya mwisho nilimwona mwezi wa saba, upepo ukivuma ule wa kwetu. Walikuwa wamenipigia simu kwamba hali si nzuri, hainuki kitandani. Nilipiga hodi, nikasikia kitanda kikilia. Alikuwa ameitambua sauti yangu. Nilipoingia alikuwa amekwisha simama, ameshika ukuta, anaelekea kwenye mtungi.

Nikamwambia rudi ulale. Nikamwambia kwa Kiswahili, nikamwambia kwa Kifipa. Hakutii, akaendelea kwenda. Nikatafuta hata kwa Kiingereza, ile lugha aliyoitii maisha yake yote, na ndipo nikagundua kwamba katika yote niliyomfundisha, kutoka na kuingia, kuokota na kuweka, kuharakisha na kuendelea, sikuwahi kumfundisha lile la kumwambia mtu apumzike. Ningelisema, asingelijua.

Alichota maji, akaniletea kikombe kwa mikono miwili, akainama kidogo kama mdogo anavyompa mkubwa. Kisha akajishusha kwenye kigoda, akasubiri kikombe kirudi. Nilikunywa polepole kuliko nilivyowahi kunywa kitu chochote, ili aendelee kukaa.